Dawa ya Kila Saa Nne

Saa nne kasoro dakika mbili asubuhi, siku ya Jumanne, mwanamume mmoja alisimama kando ya kiti cha mke wake akiwa na chupa ya dawa mkononi. Hakuifungua. Alikuwa akitazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulipofika juu kabisa, alizungusha kifuniko, akatumbukiza bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, akavuta dawa mpaka kwenye mstari wa tano.

"Saa nne," alisema.

"Najua," mke wake alijibu. "Mtaa mzima unajua. Imebaki uigonge kengele tu."

Mwanamume huyu watu walimwita Dakika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mlinzi wa lango na mpiga kengele wa shule. Kengele yake haikuwahi kuchelewa. Walimu walirekebisha saa zao kwa kuisikiliza. Alipostaafu, kazi iliisha, jina likabaki.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Miaka miwili iliyopita alipata saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa, akarudi kwenye cherehani yake. Mwaka huu mgongo ulianza kumuuma. Picha za hospitali zilionyesha kwamba saratani imefika kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Tangu hapo hakuweza kulala chali wala ubavu. Alilala akiwa amekaa kwenye kiti cha mikono, mito mitatu mgongoni.

Daktari alimwandikia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Dakika aliichukua kwenye dirisha la dawa Jumatatu ya wiki iliyopita. Aliyasoma maandishi ya kwenye chupa mara tatu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kisha alitafuta daftari la kuandikia kila dozi.

Mke wake alimeza dawa, akafuta mdomo.

"Hii dawa yako ni kama kibarua," alisema. "Inafanya kazi vizuri, siikatai. Ikifika saa nane mchana inavua viatu, inaondoka."

"Jikaze kidogo."

"Nimejikaza kisabuni mpaka povu limeisha."

Dakika aliandika kwenye daftari: Jumanne, saa 4:00, mililita 5.

Kulikuwa na jambo lililomsumbua kuliko yote. Ijumaa iliyopita walikwenda hospitali kwa ajili ya mionzi. Mionzi ingepigwa mara moja tu kwenye mfupa wa mgongo ili kuizuia saratani isiendelee kuula. Lakini ilibidi mgonjwa alale chali juu ya meza ngumu kwa dakika kumi na tano bila kujitikisa. Mke wake alishindwa kumaliza hata dakika mbili. Mtaalamu wa mionzi alizima mashine. Hakuwa mkali, ila alisema wazi: watampa tarehe nyingine moja, Alhamisi ya wiki ya pili kutoka hapo. Akishindwa tena, nafasi hiyo atapewa mwingine, naye ataanza upya mwisho wa orodha. Orodha ilikuwa ya miezi miwili.

Kutoka Jumanne hiyo, zilikuwa zimebaki siku tisa.

*

Saa nane na robo mchana mke wake alishika mikono ya kiti. Vidole vyake vilibadilika rangi kwa kukaza.

"Nipe dawa," alisema.

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado zimebaki saa saba na dakika arobaini na tano."

"Nipe hata nusu."

"Walisema nisizidishe. Ukizidisha ni hatari. Siwezi kukupa kabla ya saa yake."

Mke wake alifumba macho. Alipumua kwa mdomo, pumzi fupi fupi. Kisha alifumbua macho, akamtazama mumewe bila kupepesa.

"Basi nisikilize, mume wangu. Usiniletee tena. Hata hiyo ya usiku sitaki. Dawa ya kunionjesha halafu inanyang'anywa, ni afadhali nisiijue. Na hiyo Alhamisi siendi. Sirudi kwenye ule ubao watu wanione ninavyolia."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Aliyeingia alikuwa mdogo wa kiume wa mke wa Dakika, fundi wa kuchomelea vyuma. Ovaroli lake lilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya cheche. Alisikia maneno ya mwisho akiwa ukumbini.

"Umefanya vizuri, dada," alisema akiketi. "Mimi ningekuwa wewe ningeikataa siku ya kwanza. Hiyo mofini si dawa ya kupona. Ni dawa ya kuagia. Ukiona mtu amepewa hiyo, ujue wenye hospitali wamekata tamaa."

"Shemeji, umeanza," Dakika alisema.

"Sijaanza, namalizia. Na akipona, atakuwa teja wa madawa. Tutamfungia ndani?"

"Teja wa miaka hamsini na nane, nisiyeweza hata kufika mlangoni," mke wa Dakika alisema kwa sauti ndogo. "Nitaikimbilia wapi hiyo dawa?"

Ndipo hodi ilipopigwa. Alikuwa muuguzi wa huduma shufaa aliyetumwa na hospitali. Kazi yake ni kutembelea majumbani watu wenye maradhi mazito, ili wapunguziwe maumivu na mateso mengine. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi la mgongoni na viatu vya kutembelea. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kufika hapo. Alisalimia, akanawa mikono, akavuta kigoda mpaka karibu na kiti cha mgonjwa. Hakuuliza chochote kuhusu dawa kwanza.

"Mama, nataka unioneshe maumivu kwa vidole," alisema. "Ngumi ni hakuna maumivu kabisa. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vitano ni yale yasiyovumilika. Sasa hivi ni vingapi?"

Mke wa Dakika alinyoosha vidole vitano. Kisha alinyanyua mkono wa pili akaongeza kimoja.

"Mkono mmoja hautoshi, Sista."

"Nimeona. Na asubuhi ya leo, tuseme saa tano?"

Mgonjwa alifikiri. Akakunja vidole vyote, akabakiza kimoja.

Muuguzi aliacha kuandika. "Saa tano ilikuwa kimoja?"

"Kimoja. Nilikula hata uji."

"Kwa hiyo dawa inakufaa."

"Inanifaa, halafu inaniacha njiani."

"Inakuacha saa ngapi?"

"Saa nane. Kila siku saa nane. Halafu ni mimi na mgongo wangu mpaka usiku. Ni kama mtu anapitisha sindano ya gunia kwenye mfupa, anavuta uzi, anapitisha tena."

Muuguzi alichukua chupa mezani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama kwa muda.

"Mzee wangu, chupa hii ni ile ya Jumatatu ya wiki iliyopita?"

"Ndiyo."

"Hamjapewa nyingine?"

"Hiyo hiyo."

"Imejaa mno. Leo ni siku ya tisa. Ilipaswa kukaribia nusu. Hapa imetoka kidogo sana."

Dakika alisimama wima, kama zamani alivyosimama langoni mwalimu mkuu akipita.

"Sista, mimi sijaruka hata dozi moja. Sijachelewa hata moja. Subiri."

Alileta daftari. Muuguzi alilifungua ukurasa wa kwanza, akashuka kwa kidole. Saa 4:00 usiku, mililita 5. Saa 4:00 asubuhi, mililita 5. Saa 4:00 usiku. Saa 4:00 asubuhi. Mstari mmoja tu ulikuwa tofauti. Uliandikwa saa 4:01, na pembeni kulikuwa na maelezo: kifuniko kiligoma.

Muuguzi alilifunga daftari taratibu.

"Mzee, naomba unisomee maandishi ya kwenye chupa."

Dakika hakuhitaji miwani. Aliyajua kwa moyo. "Mofini. Mililita tano. Kila saa nne."

"Na wewe ulielewaje?"

"Kama yalivyoandikwa. Kila saa nne. Saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku. Siku nzima haina saa nne nyingine."

"Ni kweli," fundi wa kuchomelea alisema. "Ni mbili tu."

"Ni mbili tu," muuguzi alikubali. "Lakini aliyeandika hakuwa na maana hiyo. Alikuwa na maana ya kila baada ya saa nne. Unampa. Unahesabu saa moja, mbili, tatu, nne. Unampa tena. Ni mara tano kwa siku, maana usiku wa manane analala. Mofini hii ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Zikiisha, maumivu yanarudi. Ndiyo maana mama anakwambia saa nane inamwacha. Dawa haikumwacha. Ilikuwa imemaliza zamu yake, na ya zamu inayofuata haikuja."

Dakika alikuwa akitazama daftari mkononi mwa muuguzi. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo. Alikuwa akihesabu.

"Ishirini na mbili," alisema mwishowe.

"Ishirini na mbili nini, shemeji?"

"Dozi ambazo hakupata."

Alimgeukia mke wake. Mke wake ndiye aliyesema kwanza.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "watoto wa watu wote wameingia darasani kwa wakati. Mimi wa nyumbani ndiye umenichelewesha." Akaanza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu kucheka kuliuma.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umesoma ulichoandikiwa. Tatizo lako ni moja, unasoma sana."

"Kosa si la mzee," muuguzi alisema. "Ni letu sisi. Mzee, pale dirishani walikueleza nini?"

"Kijana wa dawa aliniambia nisizidishe. Akaniuliza, umeelewa? Nikasema ndiyo. Nyuma yangu watu walikuwa wengi."

"Hapo ndipo tulipokosea. Mtu akiulizwa kama ameelewa, atajibu ndiyo. Ilipasa akwambie, nieleze utampaje mgonjwa. Lingejulikana pale pale. Nitalifikisha. Sasa vuta mililita tano, umpe mama."

Dakika alitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Amechelewa dakika arobaini."

Dakika alivuta dawa. Ilipita mstari wa tano kidogo. Akairudisha mpaka ikakaa sawa, akampa mkewe. Mkewe alimeza bila kusema kwamba hataki.

*

Walikuwa na nusu saa ya kusubiri dawa ianze kazi. Muuguzi aliomba karatasi. Dakika alichana ukurasa wa kalenda ya mwezi uliopita, akaugeuza upande mweupe. Muuguzi aliandika kwa herufi kubwa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku.

"Saa zako mbili hazikuwa na makosa, mzee. Zimo. Zilikosekana tatu. Hii ya saa nne usiku utampa mara mbili, mililita kumi, ili imchukue mpaka asubuhi. Hakuna kuamka saa nane ya usiku."

"Na ikisahaulika dozi moja, nimpe mbili kwa pamoja kufidia?"

"Hapana. Mpe moja ukikumbuka, kisha endelea na ratiba."

"Lakini ya usiku ni mbili kwa pamoja."

"Ya usiku imepangwa na daktari. Ya kufidia utakuwa umeipanga wewe."

Dakika aliridhika na jibu hilo. Aliliandika.

"Jambo lingine," muuguzi aliendelea. "Usisubiri maumivu yaje ndipo utoe dawa. Toa saa ikifika, hata kama amekaa anapiga soga. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Na kama yatakuja katikati, kabla ya saa, unaruhusiwa kumpa dozi moja ya ziada, mililita tano. Unaiandika. Ya ratiba inabaki palepale. Ukijikuta unatoa za ziada tatu kwa siku, nipigie simu. Maana yake kipimo ni kidogo, kinapaswa kupandishwa."

"Kipandishwe tena?" fundi wa kuchomelea aliuliza. "Sista, usinichukulie vibaya. Huyu ni dada yangu, ndiye aliyenilea. Mwenzangu wa karakana aliharibikiwa na madawa ya namna hii hii. Alianza na kidogo, akapandisha, akapandisha. Aliuza mpaka mashine yake."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Hakuwa anaumwa kitu."

"Basi hawa ni watu wawili tofauti. Yeye alitafuta kulewa. Dada yako anatafuta kukaa, kula na kulala. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa kipimo cha daktari, kwa ajili ya maumivu, ni nadra kuwa teja. Mwili utaizoea, hilo ni kweli. Kwa hiyo haikatwi ghafla. Siku akiwa haihitaji, tunaipunguza kidogo kidogo. Lakini mwili kuizoea dawa si uteja."

"Na hili la kuaga?"

"Umewaona waliopewa mofini wakiwa siku zao za mwisho. Ukadhani mofini ndiyo iliyowaua. Waliuawa na saratani. Mofini inatolewa kwa kutazama maumivu ya mtu, si siku zake zilizobaki. Nina mgonjwa anaitumia mwaka wa pili. Ana duka la vifaa vya shule. Ukienda kununua kalamu atakuhesabia chenji yako bila kukosea."

"Mdogo wangu," mke wa Dakika alisema, "wiki hii pekee umeshanizika mara mbili."

Fundi alijikuna kichwa. "Nilisikia kwa watu, dada."

"Watu hao hawaumwi mgongo."

Muuguzi alimgeukia mgonjwa. "Mama, dawa hii ina adabu zake. Siku mbili tatu za kwanza utasinzia. Unaweza kusikia kichefuchefu. Mara nyingi hayo hupita. Lisilopita lenyewe ni kufunga choo. Vipi choo?"

Mgonjwa alitazama pembeni. "Tangu Ijumaa sijapata."

Dakika alishtuka. Alifungua daftari kana kwamba jambo hilo lingekuwemo. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Wewe ulikuwa unauliza saa."

"Mzee, ongeza safu ya choo kwenye daftari," muuguzi alisema, akitoa vidonge kwenye begi. "Na safu ya vidole. Hivi ni vya kulainisha choo. Viwili kila usiku, kwa siku zote atakazotumia mofini, si mpaka afunge ndipo mkumbuke. Maji anywe ya kutosha. Na vile vidonge vya parasetamoli alivyoandikiwa, aendelee navyo. Vinasaidiana na mofini."

Kisha sauti yake ilibadilika, ikawa nzito zaidi.

"Hili mlisikilize wote wawili. Ukimwamsha asiamke vizuri, au ukiona pumzi zimekuwa chache na za taratibu mno, usimpe dozi nyingine. Nipigie papo hapo. Nisipopokea, mpelekeni hospitali. Pima kwa bomba hili hili, kamwe si kwa kijiko. Chupa ikae kwenye kabati lenye ufunguo. Na ni yake peke yake. Si ya jirani anayeumwa jino, wala ya shemeji anayeumwa kiuno."

"Kiuno changu kizima, Sista," fundi alisema.

Saa tisa na dakika kumi na mbili muuguzi aliuliza tena. Mke wa Dakika alinyoosha vidole viwili. Kisha aliomba waondoe mto mmoja mgongoni mwake, kwa sababu ulikuwa ukimsukuma mbele.

"Na Alhamisi ya wiki ijayo?" Dakika aliuliza.

Mke wake alifikiri kabla ya kujibu. "Tuone kwanza hizo saa zako tano," alisema.

*

Jumatano alisinzia karibu mchana wote. Fundi wa kuchomelea alipopita alikuta nyumba kimya, akaingiwa na wasiwasi.

"Analala mno huyu."

Dakika aliinama, akamgusa mkewe begani. Mkewe alifungua jicho moja.

"Mnataka nini?"

"Tunaangalia kama unaamka."

"Nimeamka. Nina wiki tatu sijalala. Nendeni mkaongelee ukumbini."

Dakika alihesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akaziandika. Zilikuwa kumi na sita. Alimpigia simu muuguzi, akamsomea. Muuguzi alisema ni pumzi za mtu aliyelala salama.

Alhamisi choo kilifunguka. Dakika aliliandika hilo pia, na mkewe akasema kwamba yeye akifa mapema, Dakika asiache daftari lile mahali pa wazi.

Lakini maumivu hayakuwa yamekwisha. Alhamisi alihitaji dozi mbili za ziada. Ijumaa alihitaji tatu, na jioni alinyoosha vidole vitatu. Zamani Dakika angesubiri. Sasa alichukua simu. Muuguzi alizungumza na daktari, kisha akapiga tena: kuanzia dozi inayofuata, mililita saba na nusu, na ya kulala kumi na tano. Alimtaka Dakika amrudishie maelezo yote kwa maneno yake mwenyewe. Dakika aliyarudisha bila kukosa nukta.

Jumapili mke wake alilala kitandani kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Alilala kwa ubavu, mto mmoja kichwani na mwingine katikati ya magoti. Jumatatu alitembea mpaka chumba cha mbele, akakaa kwenye cherehani kwa robo saa, akatoa bobini, akaisafisha vumbi, akairudisha.

"Sasa ule ubao," alisema.

Dakika hakuelewa.

"Meza ya mionzi. Kitandani naweza kulala. Kwenye ubao sijui. Siendi kule kujaribu mbele ya watu. Nataka nijaribu hapa."

Jioni hiyo mdogo wake alileta ubao wa mezani kutoka karakana. Aliupiga msasa kwanza ili usimchome. Waliuweka juu ya kitanda, wakatandika shuka jembamba moja. Walikuwa wamesubiri nusu saa baada ya dozi ya saa kumi na mbili. Mke wa Dakika alikaa, akageuka taratibu, akajilaza chali. Dakika alisimama na saa yake ya mkononi.

"Usinihesabie kwa sauti," mkewe alisema.

Siku hiyo alifika dakika sita. Jumanne alifika dakika kumi na moja. Jumatano alifika kumi na tano, na alipoambiwa zimetimia alikuwa bado anamweleza mdogo wake jinsi alivyowahi kumshonea suruali ya shule yenye mguu mmoja mfupi, naye akaivaa mwaka mzima bila kutambua.

"Nilitambua," mdogo wake alisema. "Niliogopa kusema."

Siku hiyo hiyo ya Jumatano Dakika alikwenda kuchukua chupa mpya. Dirishani alimkuta yule yule kijana wa dawa. Maandishi ya kwenye chupa yalikuwa marefu kuliko ya mwanzo. Saa zote tano zilikuwa zimeorodheshwa, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na mbele ya kila moja mililita zake. Kijana hakumuuliza kama ameelewa.

"Mzee, nieleze utampaje mgonjwa," alisema.

Nyuma kulikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja. Dakika alieleza yote, mpaka kabati na ufunguo wake. Watu walisubiri.

*

Alhamisi miadi yao ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Dozi ya saa kumi na mbili alimezea nyumbani. Mdogo wake aliwapeleka kwa gari la karakana, akiliendesha polepole hata waendesha baiskeli wakawapita. Saa nne kamili, kwenye benchi la ukumbi wa mionzi, Dakika alifungua chupa, akavuta mililita saba na nusu, akampa mkewe. Mwanamke aliyekaa jirani alitazama.

"Ni mofini hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hamuogopi?"

"Niliogopa ilipokuwa haifanyi kazi," mke wa Dakika alijibu. "Mwenzangu, nenda kamuulize daktari wako. Usiulize watu wa karakana."

Shemeji yake Dakika alijifanya anasoma tangazo ukutani.

Saa nne na dakika thelathini na tatu mtaalamu wa mionzi alimwita. Alikuwa yule yule wa mara ya kwanza. Alimtazama mgonjwa usoni, akatazama karatasi. Mke wa Dakika alivua viatu mlangoni, akaingia kwa miguu yake. Mlango ulifungwa. Juu ya mlango taa nyekundu iliwaka.

Dakika alikaa. Alisimama. Alikaa tena.

"Shemeji," fundi alimwambia, "hiyo saa ukiitazama zaidi itayeyuka."

"Mara ile taa ilizimwa dakika ya pili."

"Sasa ni ya ngapi?"

"Ya sita."

Dakika ya kumi ilipita. Dakika ya kumi na tano ilipita. Saa nne na dakika hamsini na moja taa nyekundu ilizimika.

Mtaalamu wa mionzi alitoka kwanza. "Hakujitikisa hata kidogo," alimwambia Dakika. "Nilimuuliza kwa kipaza sauti kama yuko sawa. Aliniambia nisimpotezee muda." Nyuma yake alitoka mke wa Dakika, akiwa amejishika kwenye fremu ya mlango, akitafuta viatu vyake kwa mguu.

"Vidole vingapi?" Dakika aliuliza.

Alimwonesha viwili.

"Mionzi haitulizi siku hiyo hiyo," mtaalamu alisema. "Inaweza kuchukua wiki mbili, tatu. Msiache dawa hata siku moja. Mkiona maumivu yanapungua, muuguzi wenu ndiye atakayewaambia jinsi ya kuipunguza."

Mtaalamu alichukua kadi ya matibabu, akaiweka juu ya goti lake. Kwenye mstari wa Ijumaa ya wiki mbili zilizopita palikuwa pameandikwa: hakuweza kulala, imeahirishwa. Chini yake aliandika tarehe ya siku hiyo, akaandika neno moja, "imekamilika", akatia sahihi.